Upepo kwanza, mizinga baadae

Ijumaa iliyopita baada ya swala walikuja watu wanne nyumbani, watatu hawajawahi kuligusa gemu hili langu la manowari za mezani na mmoja kaona picha tu kwenye simu, wakakaa, wakazitizama manowari mezani, na swali la kwanza likawa lile lile ninalolisikia miaka yote: "Sasa hii mizinga inapigwaje?" Nikawambia mizinga leo hamuigusi mpaka chai iingie. Mmoja akacheka akadhani namfanyia mzaha, lakini ndo utaratibu wangu na siubadilishi, na leo nataka nieleze kwa nini, manake kuna watu wawili watatu wanataka kuanzisha meza zao, mmoja yuko Chake Chake na mwengine Dar, na wote wameniuliza waanzie wapi.

Kwa asiyelijua, hili ni gemu la mezani la vita vya baharini vya zama za matanga, yaani ule wakati wa kina Nelson, yule mkuu wa manowari za Waingereza, meli za mbao, milingoti mitatu, mizinga imepangwa ubavuni. Kila mchezaji ni nahodha wa chombo chake. Vyombo vyangu ni vya kipimo cha moja kwa elfu, kwa hiyo manowari ya mizinga 74 ambayo kiwiliwili chake kilikuwa kama mita hamsini na kitu, mezani inakuwa sentimita tano hivi, inakaa kwenye kiganja. Vingine nimeletewa kutoka nje na vingine nimechonga mwenyewe, milingoti ni vijiti vya mishkaki vilivyochongwa vikawa vyembamba, na bahari ni plaiwudi mbili zimefunikwa kitambaa cha buluu nilichonunua sokoni Darajani, hapa Unguja. Alama za kuumia ni komwe za bao. Huhitaji pesa nyingi kuanza, hilo nalisema mapema kwa sababu wengi wanakata tamaa wakiona bei za mtandaoni.

Zamani nilikuwa nafundisha vibaya. Nilikuwa nafungua kijitabu cha sheria nikaanza ukurasa wa kwanza, hii ni risasi ya duara, hii ya mnyororo, hii ya vipira vidogo, umbali huu dadu mbili, umbali huu moja, saa nzima inapita na chombo hakijasogea, na siku moja vijana wawili wakaaga kistaarabu kuwa wana mechi ya mpira na hawakurudi tena. Iliniuma kwa sababu walikuja na hamu. Nikakaa nikafikiri, mtu anafundishwaje bao barazani? Hakuna anayemsomea sheria. Anakaa, anatizama, anapewa kete, anacheza, akikosea anaambiwa "siyo hapo", basi. Na katika gemu la manowari jambo ambalo mtu lazima alijue mwilini mwake kabla ya lolote ni upepo. Mizinga ni rahisi, mtoto anaielewa kwa dakika tano. Upepo ndo gemu lenyewe.

Kwa hiyo sa hivi naanza na feni. Feni ndogo ya mezani naiweka pembeni ya meza, upande upepo unakotoka, naiwasha mwendo wa chini kabisa ili karatasi zisiruke (na juu ya karatasi naweka komwe). Namwambia mgeni ainame mpaka uso wake uwe sawa na chombo chake, asikie upepo unampiga wapi, shavu la kulia, kisogoni, au usoni. Utashangaa jinsi jambo hili dogo linavyofanya kazi. Mshale wa karatasi unaoonesha upepo watu wanausahau zamu ya pili, lakini upepo wa shavuni hausahauliki. Umeme ukikatika tunarudi kwenye mshale, na hapo wanakuwa washazoea.

Halafu nawapa mashindano, hakuna vita. Meza inakuwa bandari yetu: upande mmoja Forodhani, upande wa pili kaskazini magharibi nimeweka jiwe, ndo kisiwa cha Changuu. Upepo ni kusi. Kila mtu ana chombo kimoja, atoke Forodhani, akizunguke Changuu, arudi. Ndo sheria yote. Kwenda ni raha tupu kwa sababu kusi linawasukuma kwa nyuma, wanacheka, wanapitana, wanadhani wameshajua kuendesha. Wakishazunguka jiwe, kila mmoja, na nasema kila mmoja maana sijaona aliyekosa kufanya hivi mara ya kwanza, anaielekeza omo yake, yaani mbele ya chombo, moja kwa moja Forodhani. Na chombo kinasimama. "Mbona haendi?" Hapo ndo nawapa kile kiduara cha karatasi ngumu chenye pembe nyekundu, nakiweka juu ya chombo, upepo ukianguka ndani ya wekundu hakuna mwendo. Meli ya matanga ya mraba haiwezi kuukaribia upepo kuliko nyuzi 67 hivi, kwa hiyo ukihesabu kulia na kushoto una pembe ya nyuzi 135 ambayo ni haramu kwako, zaidi ya thuluthi ya dunia yote inayokuzunguka. Lazima ubishe, yaani uende upande huu, ugeuze, uende upande ule, pole pole, na kila ukigeuza unapoteza mwendo.

Ukimwambia mapema hapo mwanzo umemnyima somo. Mwache akwame. Zamu mbili tu za kukwama anajua kitu ambacho saa nzima ya maelezo haimpi.

Sasa kuna jambo la hapa kwetu ambalo walioandika vijitabu vya sheria huko Ulaya hawakulifikiria. Huku unaweza kupata mgeni ambaye hajui gemu lakini bahari anaijua kukushinda. Jirani yangu mmoja ni mvuvi wa ngalawa, mtu mzima, alikuja kutizama tu, akamwona mtu kakwama akakasirika kabisa: "Mwanangu, chombo gani hiki hakiwezi kubisha? Ngalawa yangu ingeshafika." Na alikuwa na haki, tanga letu la pembetatu linakwenda joshi, yaani linaukaribia upepo, kuliko yale ya mraba. Nikamuonesha foromali za manowari, ile miti inayoshika matanga, zinavyoukata mlingoti kama msalaba, na zile kamba zinazoushika mlingoti kushoto na kulia, foromali ikizungushwa inafika mahali inazigusa kamba, haiendi tena, basi hapo ndo mwisho wa kuukaribia upepo. Akaishika ile meli akaizungusha kidogo, akasema "aaa, imejifunga yenyewe." Imejifunga yenyewe! Mi nimeyasoma mambo haya miaka na sijapata kuyaeleza kwa maneno mafupi vile.

Huyo mzee nilipomwambia joshini na demani sikuhitaji kufafanua, lakini vijana wa mjini lazima uwaeleze, joshini ni upande upepo unakotoka na demani ni upande unakokwenda (siyo ule msimu). Maneno haya mawili nayatumia tangu dakika ya kwanza na sikubali mtu aseme "kule" au "huku", kwa sababu baadae vita vyote vinajengwa juu yake.

Wakishamaliza mbio chai inaingia na ndo wakati wa mwendo. Nawaambia zamu moja ni kama dakika moja ya kweli. Chombo kinachokwenda maili tatu za bahari kwa saa kinakata mita tisini na kitu kwa dakika, ndo sentimita tisa mezani. Sentimita tisa unazipata upepo ukitoka nyuma kwa pembeni. Ukitoka tezi, yaani nyuma ya chombo, moja kwa moja unapata saba tu, na hapa watu wanabishana sana, mbona upepo wa nyuma kabisa upunguze? Kwa sababu matanga ya mlingoti wa nyuma yanayaibia upepo ya mbele. Ubavuni saba, joshi nne. Namba nne tu, zinakaa kwenye kipande cha karatasi. Usiwape zaidi.

Mizinga sasa. Siku ya kwanza naifundisha kwa sheria tatu tu: inapiga ubavuni, haipigi mbele wala nyuma, inafika sentimita ishirini, ndo mita mia mbili, na ukishapiga unageuza kadi yako, zamu inayofuata unashindilia, hupigi. Wapiga mizinga wa Kiingereza waliozoezwa vizuri walikuwa wanaweza kurudia kama kwa dakika moja na nusu, kwa hiyo zamu moja ya kushindilia inakaa sawa. Risasi za mnyororo za kukatia kamba na matanga, mabaharia wanaoparamia meli ya adui, moto, hayo yote namuwekea siku ya tatu au ya nne.

Lakini kuna kitu kimoja siwezi kukiacha siku ya kwanza, nacho ni kufagia. Ndivyo ninavyokiita. Ukipita nyuma ya chombo cha adui, tezi yake imeelekea ubavu wako, risasi inaingia kwenye madirisha ya vioo ya shetri, kile chumba cha nyuma, ambako hakuna mbao nene, na haisimami, inapita ndani urefu wote wa meli mpaka omo. Mizinga yako yote ya ubavu huo inampiga na yeye hana wa kujibu. Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, meli 27 za Waingereza dhidi ya 33 za Wafaransa na Wahispania, Victory, meli ya Nelson, ilipita nyuma ya Bucentaure ya Wafaransa ikaifanya hivyo hivyo na watu wengi waliangamia kwa mpigo mmoja wa mizinga ya ubavu. Mezani dadu zinazidishwa mara mbili. Mgeni akifagiwa mara moja tu, hatoisahau tezi yake maisha. Na hapo ndo anaelewa kwa nini nilimzungusha Changuu, kwa sababu kufagia hakuji kwa mizinga, kunakuja kwa aliyekaa joshini akachagua wakati wake wa kushuka. Wa demani anangoja tu achaguliwe.

Yule mzee mvuvi, tukirudi kwake, baada ya duru ya pili aliniuliza swali ambalo mwanafunzi yeyote hajaniuliza: "Na moshi wa baruti unakwenda wapi?" Unakwenda demani. Unamwingia adui aliyeko demani machoni. Sheria yangu haikuwa na moshi. Wiki ile ile nikaingiza, ukipiga unaweka kidonge cha sufi upande wa demani wa chombo chako, anayepiga kupitia kwenye sufi anapoteza dadu moja. Ni sheria nzuri kuliko zote nilizonazo na meza inapendeza, baada ya zamu sita bahari yote imejaa moshi mweupe na unaanza kuelewa mle ndani watu walikuwa hawaoni kitu.

Amri zinaandikwa kwa siri, kila mtu kwenye kikaratasi, halafu zinafunuliwa pamoja. Hili usilipunguze hata kwa watoto, ndo linaloleta ile "ah!" ya vyombo viwili vya upande mmoja kugongana.

Idadi ya vyombo: kimoja kwa mtu mmoja, basi. Wanaoanza wanataka kikosi kizima. Kataa. Binti wa dada yangu ana miaka 12, aliniambia, "Mjomba, nipe tatu, naweza," na anaweza kweli sasa, ila alianza na kimoja mwezi mzima na alikipa jina.

Na majina yana maana. Kwa muda mrefu meza yangu ilikuwa ya Waingereza na Wafaransa tu, na niliona wageni wanaishika ile meli kama kitu cha watu wengine. Sasa ya kwanza ninayompa mgeni ni Liverpool. Ilikuwa manowari ya Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, mizinga 74, ilijengwa Bombay mwaka 1826, na mwaka 1836 akampa zawadi Mfalme William wa Nne wa Uingereza, nao wakaibadilisha jina wakaiita Imaum. Tafakari, mtawala wa huku anamzawadia mfalme wa Uingereza manowari. Ninapoliweka dude lile kwenye kiganja cha kijana wa Michenzani na kumwambia hivyo, anakaa vyengine kwenye kiti.

Wengine wananiambia basi tucheze vita vya Agosti 1896, vya kwetu, Waingereza walipoipiga Unguja. Nawakatalia. Meli za Waingereza siku ile zilikuwa za mvuke, Glasgow, meli ya Sultani, ilikuwa imetia nanga bandarini, na jambo lenyewe halikufika saa moja, ikazama pale pale na milingoti yake ikabaki inaonekana juu ya maji mpaka 1912. Ni historia ya kuisoma na kuihuzunikia, ila hakuna upepo ndani yake, na bila upepo sina cha kukufundisha mezani.

Wale wanne wa Ijumaa, watatu wamesema watarudi. Yule aliyecheka alikuwa wa mwisho kwenye mbio, alikwama zamu nne baada ya Changuu, na alipoondoka alipitia Forodhani akanitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake upepo unavuma kwenye simu mpaka humsikii vizuri: "Nimesimama ukutani hapa, nalitizama jahazi linaingia, linabisha. Nishaliona linavyofanya."