Funza wa embe walianzia mtini

Msimu wa embe ukianza hapa Mombasa, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nimenunua embe zima, ganda safi, nikaliweka jikoni na kulifunika kwa kawa. Siku ya nne nalikata, funza! Wamepitia wapi?" Hawakupitia popote. Embe lilipovuka mlango wa nyumba yako walikuwa tayari wamo, wakiwa mayai.

Kazi yangu ni wadudu waharibifu wa mazao. Nimezunguka sana na wakulima wa Kilifi na Kwale, na wauzaji wa Kongowea na Marikiti, na kinachoniuma ni kuona watu wakihangaika kuyalinda matunda mahali ambapo hasara imekwisha ingia.

Kwanza tuwatenganishe wadudu wawili, maana wote huitwa nzi wa matunda. Yupo mdogo, mwenye macho mekundu, anayezunguka juu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi au glasi ya juisi iliyosahauliwa mezani. Huyo hufuata harufu ya uchachu, na hutaga juu ya tunda lililopasuka au lililoanza kuoza. Kwake kawa linafaa, na kuosha matunda mara yakifika nyumbani, na bakuli la siki lenye tone la sabuni. Anakera, lakini hajamfilisi mtu.

Wa pili ndiye mwenye balaa. Anakaribia ukubwa wa nzi wa kawaida, ila ukimtazama kwa makini utadhani nyigu: kiuno chembamba, mabaka ya manjano mgongoni, mbawa angavu. Jike ana mwiba nyuma, mfano wa sindano. Hulitoboa embe likiwa bado mtini, akaacha mayai meupe membamba chini kidogo ya ganda, akaenda zake. Tundu lenyewe siku ile huwezi kuliona. Kwa joto letu la Pwani mayai huanguliwa baada ya siku moja hadi tatu, na funza huanza kula wakielekea kwenye kokwa. Nje tunda linang'aa, ndani limekuwa uji.

Nzi wa embe wa asili ya Afrika tulikuwa naye tangu zamani. Mgeni kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na ndiye aliyeharibu mambo. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina Bactrocera invadens wakiamini ni spishi mpya. Ilipofika 2015 wakakubaliana kwamba ni yule yule wa Asia. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake. Nzi hawa ndio waliofanya Kenya yenyewe isimamishe kupeleka maembe Umoja wa Ulaya mwaka 2014, na biashara hiyo haikurudi hadi 2021.

Nilipoanza kazi nilimshauri mama mmoja muuzaji wa Kongowea ayafunike matenga yake kwa chandarua. Akanunua kipya, akafunika kila jioni kwa uangalifu mkubwa. Baada ya siku chache akaniita, akanikatia embe moja mbele yangu, kisha la pili, kisha la tatu. "Mwanangu," akaniambia, "chandarua chako kimewafungia ndani." Alisema kweli, na hasara ile ilikuwa yake, si yangu. Tangu siku hiyo sizungumzii kufunika kabla ya kuuliza: tunda lilichumwa lini, likiwa katika hali gani?

Nzi huyu hupenda zaidi tunda linaloanza kuiva, ingawa embe pevu la kijani halijasalimika kabisa. Kila siku unayoliacha mtini lipate rangi ni siku ya kumkaribisha. Embe la kuuza lichumwe likiwa pevu bado kijani: mabega yamejaa na kupanda juu ya kikonyo, na ukikata moja la kujaribia, nyama ya karibu na kokwa imeanza umanjano. Chuma kwa upembo wenye mfuko ili lisianguke. Lililodondoka lenyewe lisichanganywe na mengine hata kama linapendeza, kwa kuwa mara nyingi limedondoka kwa sababu lina funza. Na mzigo usilale chini ya miembe. Hapa sasa ndipo chandarua kina kazi: tangu tunda linapotua kwenye tenga, njiani, mpaka kwenye meza ya kuuzia, kwa sababu jike hutaga hata kwenye tunda lililochumwa likiendelea kuiva. Kufunika huzuia mayai mapya. Mayai ya jana hayazuiliki kwa kitambaa.

Muuzaji anayepokea mzigo alfajiri atafute kinukta chenye utomvu uliokauka, kisha abonyeze pembeni kwa kidole gumba. Pakibonyea kuliko kwingine, aliweke kando. Na akate embe moja au mawili kutoka kila tenga. Najua inauma kukata mali, lakini ni nafuu kuliko mteja kwenda kuwakuta funza nyumbani kwake.

Watu huniuliza kuhusu maji ya moto. Ni kweli, wanaouza nje huyatumbukiza maembe kwenye maji ya nyuzi joto 46 hivi kwa zaidi ya saa moja, muda ukitegemea ukubwa wa tunda, ili joto lifike mpaka kwenye kokwa. Kazi hiyo inataka mtambo na kipimajoto. Kwenye sufuria nyumbani utalipika embe, au utawapasha funza moto kidogo tu. Friji nayo huwachelewesha. Ukiwa na shaka na mzigo, menya mapema, toa palipoharibika, na nyama iliyo safi igandishe kwa ajili ya juisi.

Sasa nije kwenye jaa, na hapa naomba mnisikilize. Funza akishiba hutoka kwenye tunda, hujikunja na kuruka, akajichimbia udongoni sentimita chache tu. Humo hugeuka pupa wa rangi ya kahawia, mfano wa punje ya nafaka, na baada ya wiki moja na nusu hivi hutoka nzi kamili. Kwa hiyo embe bovu ulilolirusha nyuma ya ua hujalitupa. Umelipanda. Kulifukia kijuujuu hakusaidii, maana nzi hupenya udongo mwepesi. Shimo liwe na zaidi ya nusu mita ya udongo juu yake. Zamani tulifundisha kutumia mifuko myeusi ya nailoni, ifungwe na kuanikwa juani mpaka funza wafe. Tangu mifuko ya kubebea ilipopigwa marufuku Agosti 2017, mimi napendekeza pipa lenye mfuniko unaobana, lijazwe maji na matunda mabovu, likae siku kadhaa. Mwenye mbuzi au ng'ombe awalishe mabovu siku hiyo hiyo.

Wenye miembe nyumbani, msiwachome moto wale sisimizi wekundu wa mtini tunaowaita maji moto. Wanauma, najua, nami wameniuma mara nyingi, lakini nzi jike huuhofia mti walioutawala, na hata harufu wanayoiacha juu ya embe humfukuza.

Mama wa Kongowea sasa ana mapipa mawili nyuma ya kibanda, na majirani zake wa pande zote mbili wamekubali kutia mabovu yao humo. Tatizo lililobaki ni mti wa mkungu uliosimama hapo karibu, wanakopumzikia wapagazi. Wengi hawajui kwamba matunda yake, kungu, nayo hulea nzi yule yule, hata wakati embe hakuna, na mikungu ya kivuli imejaa mji mzima. Tumepatana na vijana wa mikokoteni waziokote kila asubuhi kabla jua halijapanda, zitiwe pipani pamoja na maembe.