"Mimi ni nani?" Jinsi Mungu alivyomjibu Musa

Nafundisha Agano la Kale katika chuo cha Biblia, na wengi wanaonifuata ofisini hawaji kwa ajili ya Kiebrania. Mwinjilisti amepangiwa mtaa mpya, mama ameombwa aongoze idara ya wanawake, kijana amechaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Wote neno lao ni moja: "Mwalimu, mimi siwezi." Huwa tunafungua Kutoka sura ya 3 na ya 4 na kusoma taratibu, maana habari hii tumeizoea mno mpaka tunairuka.

Musa hakuanza maisha akijiona mnyonge. Stefano, katika Matendo 7, anasema alifundishwa hekima yote ya Wamisri, akawa hodari wa maneno na matendo. Akikaribia miaka 40 alijituma mwenyewe kuwatetea ndugu zake Waebrania, yaani Waisraeli waliokuwa watumwa Misri, akamuua Mmisri. Kesho yake Mwebrania mmoja akamuuliza: ni nani aliyekuweka wewe kuwa mkuu na mwamuzi juu yetu? Hakuwa na jibu, akakimbilia Midiani. Miaka 40 baadaye, mbele ya kijiti kinachowaka moto, Mungu anamtuma akawatoa Waisraeli Misri, naye anamwuliza Mungu: mimi ni nani hata niende kwa Farao? Mimi naamini lile swali la Mwebrania lilikuwa bado linamchoma. Wengi wetu tunaosema hatuwezi, si unyenyekevu. Kuna mtu alitukatisha tamaa zamani, na sauti yake tunaibeba hadi leo.

Sasa tazama jibu la Mungu. Hamwambii kwamba ni msomi, wala kwamba alilelewa na binti Farao, ingawa yote hayo ni kweli. Anamwambia: nitakuwa pamoja nawe. Kisha anampa dalili: ukishawatoa watu Misri, mtamwabudu Mungu katika mlima huu. Dalili hiyo inakuja baada ya kazi! Ishara za fimbo kugeuka nyoka na mkono kupata ukoma zilifuata baadaye, nazo zilitolewa ili Waisraeli wamwamini. Hapa wanafunzi wangu hunyamaza, kwa kuwa wengi wanangoja wajisikie tayari ndipo waitikie wito.

Na mlima wenyewe ni Horebu, palepale alipokuwa akichunga kundi la Yethro, mkwewe. Miaka aliyoiona imepotea ilimpitisha katika nyika ambayo angekuja kuliongoza taifa zima. Ndiyo maana namwuliza anayekuja kwangu: miaka yote hii umekuwa ukifanya nini? Mama mmoja aliniambia hana kipawa chochote. Tulipozungumza zaidi, kumbe ndiye mweka hazina wa kikoba cha mtaani kwake. Wanachama wanamwachia sanduku la fedha na kwenda kulala bila wasiwasi. Idara aliyoombwa kuiongoza ilikuwa imevurugwa na ugomvi wa michango.

Musa bado akasema ulimi wake ni mzito. Mungu akamwuliza ni nani aliyefanya kinywa cha mwanadamu. Hakuahidi kuuondoa ule uzito. Aliahidi kuwa pamoja na kinywa chake na kumfundisha la kusema. Musa akaomba atumwe mtu mwingine, na hapo hasira ya Bwana ikawaka. Nasisitiza hili darasani: kujiona hufai kuna mahali kunageuka kuwa kukataa tu. Hata hivyo, katika hasira ileile Mungu anamwambia kwamba Haruni, ndugu yake, anakuja kumlaki. Msaada ulikuwa tayari njiani. (Haruni huyohuyo ndiye aliyekuja kutengeneza ndama ya dhahabu, kwa hiyo msaidizi tumshukuru, lakini tusimweke mahali pa Mungu aliyetuita.)

Anayedhani ule ulimi mzito ulimshinda Musa, namtuma asome Kumbukumbu la Torati. Haruni amekwisha kufa katika mlima Hori. Musa ana miaka 120, amesimama ng'ambo ya Yordani, na kitabu kinaanza kwa kusema kwamba haya ndiyo maneno aliyowaambia Israeli wote. Kina sura 34, na sehemu kubwa ni hotuba zake mwenyewe.