Mkwawa naye alikimbia

Jumamosi nilikuwa kwenye mahafali ya kidato cha nne, nimekaa meza kuu na soda ya moto mbele yangu. Akainuka mhamasishaji aliyealikwa, akashika kipaza sauti: "Kiongozi shujaa hajui woga! Shujaa harudi nyuma! Mnamjua Mkwawa?" Vijana makofi, akina mama vigelegele. Mimi nikawa naisoma chapa ya chupa.

Nafundisha historia hapa Iringa mwaka wa kumi na tisa. Hiyo sentensi nimeisikia kwa wanasiasa, kwa wachungaji, kwa makocha wa mpira na, Mungu anisamehe, kwenye majibu ya mtihani niliyoyapa vema kwa mkono wangu kwa sababu mwongozo wa kusahihisha ulitaka hivyo. Sasa imetosha.

Mkwawa alikimbia. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliingia Kalenga, na mtwa, yaani mtawala huyo wa Wahehe, akatoka akaliacha boma lake. Akaishi porini karibu miaka minne, leo huku, kesho kule, rupia 5,000 zimewekwa juu ya kichwa chake, hadi tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi Mlambalasi akiwa tayari amezingirwa. Mtu asiyejua kurudi nyuma angefia Kalenga na habari ingeishia hapo. Yale tunayomsifia, ile miaka ya kuwasumbua Wajerumani, yalianza na kukimbia.

Wahenga walishamaliza hili zamani: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hiyo wanafunzi wangu wote wanaijua, wanaiandika kwenye karatasi ya Kiswahili saa mbili asubuhi, halafu saa nane mchana kwenye karatasi ya Historia wanaandika kwamba shujaa haogopi.

Tukija Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, hapo ndipo wahamasishaji hunogewa. Mikuki imeshinda bunduki! Ni kweli. Zelewski, kamanda wa Wajerumani ambaye wenyeji walimwita Nyundo, aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Lakini iangalie ile kazi kwa karibu. Msafara unakuja kwa mstari mrefu kwenye njia nyembamba, askari, wapagazi, wanyama wa mizigo. Wewe umelala kwenye majani. Jasho linakuingia machoni, mdudu anatembea shingoni, na adui anapita karibu kiasi kwamba unasikia buti. Na hurushi mkuki. Unasubiri, kwa sababu ukirusha mapema wenzako wote wamekufa. Kila niliyempeleka porini na kumlaza kifudifudi dakika kumi tu (ndiyo, huwa nafanya hivyo, na wazazi wamelalamika) ameinuka akisema kulala ndiyo shida. Kukimbilia mbele ukipiga kelele hata mlevi anaweza. Kiongozi aliyewafikisha watu wengi mahali pa kutulia hivyo pamoja ana kitu, ila kitu hicho hakifanani na kelele za kwenye kipaza sauti.

Na hapa ndipo ninapojikwaa mimi mwenyewe. Mtu huyohuyo, baada ya kushinda kwa kujificha na kuvizia, alikaa ndani ya ngome yake ya mawe Kalenga kusubiri watu wenye mizinga. Sifa ile iliyoitwa msimamo mwaka 1891, mwaka 1894 ilikuwa ukaidi. Ni tabia ileile, matokeo ndiyo yalibadilika. Ninavyozidi kuzeeka darasani ndivyo ninavyoshuku kwamba orodha zetu za sifa za kiongozi bora tunaziandika baada ya kuona nani alishinda. Halafu gharama: vijiji na mashamba yalichomwa ili watu washindwe kumlisha. Mdogo wake Mpangile alitawazwa na Wajerumani, kisha Wajerumani haohao wakamnyonga mwaka 1897. Kilio kilienda kwa wengi ambao hawakuulizwa.

Hata fuvu la Mkwawa tunaloliinamia Kalenga, lile kwenye sanduku la kioo, lilirudishwa mwaka 1954 baada ya gavana wa Kiingereza, Twining, kwenda Bremen, Ujerumani, na kulichagua miongoni mwa mafuvu mengine kwa vipimo. Kama ndilo au silo, wanahistoria bado wanabishana. Mwambie mhamasishaji hilo uone uso wake.

Kwa nini basi bado nafundisha ushujaa? Kwa sababu ya Lugalo nyingine, kambi ya jeshi pale Dar es Salaam. Ilipokuwa bado inaitwa Colito, tarehe 20 Januari 1964, askari wake waliasi. Nyerere alijificha. Aliyekwenda kuzungumza na waasi ni waziri wake, Kambona. Tarehe 25 wanajeshi wa Uingereza, mkoloni aliyeondoka juzi tu, wakaitwa kuja kuwanyang'anya silaha. Kwa rais wa nchi huru hakuna udhalili kuzidi huo. Angeweza kutafuta wa kumbebesha. Yeye akasema wazi kwamba ni fedheha kwa taifa, mwezi uliofuata akawaita mawaziri wa nchi za Afrika hapohapo Dar akajieleza mbele yao, askari wa Nigeria wakaja kushika nafasi ya Waingereza, jeshi la zamani likavunjwa, na Septemba jeshi jipya, JWTZ, likazaliwa. Sifa ninayoitafuta mimi ni hiyo: mtu kuikalia aibu yake hadharani bila kuipaka mwingine, kesho yake akaamka kufanya kazi. Kujificha kwake hakunisumbui hata kidogo.

(Ndiyo, najua. Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu vijijini, nayo ni yeye, na msimamo ni uleule. Babu yangu alihamishwa kwa lori, hakuwahi kulisifu lile lori.)

Mwisho wa mahafali nilipewa dakika mbili za kutoa shukrani. Nikashukuru, kisha nikasema Mkwawa alikimbia. Mkuu wa shule akakichukua kipaza sauti kwa upole. Kwenye foleni ya pilau mhamasishaji akanijia: "Mwalimu, umeniangusha mbele za watu." Nikamwambia Jumatano tunawapeleka kidato cha pili Kalenga, kwenye basi kuna nafasi moja, ila aje na nguo za kulalia chini.