Msongo wa joto: mdudu wa barafuni anapougua katikati ya baridi

Kuna mdudu ambaye ukimshika kiganjani muda kidogo tu anaweza kufa, wala hujamminya. Anachouawa nacho ni joto la mkono wako.

Anaitwa griloblata. Jina hilo limeunga maneno ya Kilatini ya nyenje na mende, maana mdudu mwenyewe anafanana na wote wawili. E. M. Walker, mtaalamu wa wadudu wa Kanada, ndiye aliyemwandika kwa mara ya kwanza, mwaka 1914, baada ya kumpata milimani karibu na Banff. Hana mabawa. Mchana hujificha chini ya mawe na ndani ya nyufa zenye ubaridi. Usiku hutoka kuokota wadudu waliopeperushwa na upepo wakagandia juu ya theluji. Hapo panapomfaa ni nyuzijoto chache tu juu ya sifuri, yaani baridi ya ndani ya friji.

Sisi tukisikia "msongo wa joto" tunawaza Dar es Salaam ya Februari, shati limeganda mgongoni. Griloblata anaweza kuupata wakati wewe bado hujavua sweta. Neno hili halitaji joto la hewa bali hali ya mwili: joto limepanda kiasi kwamba kuendelea kuishi kunagharimu kuliko mwili unavyoweza kulipa.

Gharama hiyo inapimwa kwa umetaboli, yaani jumla ya kazi zote za kikemia za kuvunja chakula, kupata nishati na kuitumia. Ng'ombe hujitengenezea joto lake. Mdudu kwa kawaida hupokea lile la mahali alipo, na kemia yake hufuata. Kwa wadudu wengi, joto likiongezeka nyuzi 10, umetaboli hupanda mara mbili hadi tatu. Tuseme mdudu ana akiba ya mafuta ya kumfikisha siku 90 akiwa kwenye nyuzi 2. Mpeleke kwenye nyuzi 12 bila kumwongezea chakula, na akiba ileile inakwisha kwa siku 30 hadi 45. Hajaungua, hajazirai, anatembea vizuri tu. Ila anakula mtaji.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, nadhani. Wanatafuta kiwango cha joto kinachoua, wakikipata wanaona kazi imekwisha, kumbe hasara ilianza nyuzi kadhaa chini yake. Maabara huiona kwa kumweka mdudu ndani ya kichupa, kupitisha hewa kavu polepole, kisha kupima kabonidayoksaidi inayotoka. Joto likipanda, gesi nayo inapanda, inapanda, halafu ghafla mpangilio unavurugika: mdudu anashindwa kuratibu misuli, miguu inacheza ovyo, anapinduka.

Kwa nini wa barafuni avurugike mapema hivyo? Sababu moja utaielewa kama umewahi kukaa Njombe mwezi wa Juni. Chupa ya mafuta ya nazi iliyotoka pwani inaganda kama samli, ya alizeti pembeni yake bado inamiminika. Utando unaozunguka kila seli nao umejengwa kwa mafuta, na wadudu wa baridi huwa na yale ya aina ya alizeti kwa wingi ili utando usikakamae. Faida hiyo hugeuka hasara joto likija. Utando unalegea mno, chumvi zinavuja, na pampu za seli zinalazimika kufanya kazi mfululizo kuzirudisha mahali pake. Pampu hizo zinatumia nishati. Vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini, vikizoea baridi vina tatizo la jinsi hiyohiyo: umbo lao ni laini ili vifanye kazi haraka kwenye ubaridi, na laini huharibika upesi.

Protini zikianza kupoteza umbo, seli huita mafundi: protini maalumu za kuzishika nyingine zisigandamane na kuzikunja upya. Dalili ya kwanza ya mfumo huu ilionekana kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ferruccio Ritossa wa Italia alikuta kromosomu za inzi wa matunda, yaani nyuzi zinazobeba maagizo ya urithi ndani ya seli, zimevimba sehemu fulani, ishara kwamba maagizo ya hapo yalikuwa yanasomwa, kisa mwenzake alikuwa amepandisha joto la kabati la maabara. Mafundi hawa ni wa lazima, lakini hawafanyi kazi bure. Nishati inayowatengeneza na kuwaendesha ingeweza kwenda kwenye mayai au kukua.

Usidhani lakini kwamba wadudu wote wa mlimani ni dhaifu hivi. Mlima Kenya, juu ya mita 4,000, usiku huganda na mchana jua huchoma, karibu mwaka mzima. Wadudu wa kule hukutana na baridi na joto ndani ya saa 24, na wengine hujikinga katikati ya majani makavu yanayofunika mashina ya senesio kubwa, mimea ya mlimani yenye umbo la mti. Griloblata amezoea mahali pasipobadilika sana. Kinga yake kuu ni kuhama: pakipata joto, anashuka ndani zaidi kwenye nyufa za mawe, alikobaki ubaridi.

Ndiyo maana wanaomtafuta huenda usiku, taa kichwani, wakipekua kingo za theluji. Wakimpata hawamwachi mkononi. Anaingia moja kwa moja kwenye kisanduku chenye barafu na kusafirishwa humo hadi maabara, kama chanjo za watoto zinavyopelekwa zahanati ya kijijini.