Dola 100 za Kila Mwanafunzi Hazimwendei Mwanafunzi

Madaraja ambayo jimbo huzipa shule, kuanzia A hadi F, yakishatangazwa hapa Florida, wazazi wanaozungumza Kiswahili hutupigia simu kwa swali moja: "Shule ya mwanangu imepata A, na nimesikia ni dola 100 kwa kila mtoto. Za kwangu nazifuata wapi?"

Hakuna pa kuzifuata: ni tuzo ambayo jimbo huipa shule, si mtoto. Tunajua swali linaulizwa kwa nia njema, lakini tumelijibu mara nyingi mno, hivyo tunaliandika.

Tuzo hiyo hutoka katika Mpango wa Kuzitambua Shule (School Recognition Program), ulioanzishwa mwaka 1997, na sasa unaongozwa na kifungu 1008.36 cha sheria za jimbo. Kifungu chenyewe kinataja sababu: kuwapa motisha walimu na wafanyakazi wa shule zinazofanya vizuri, kama ilivyozoeleka katika kampuni binafsi. Dola 100 ni ukomo wa juu na ni kipimo cha kupigia hesabu tu. Shule ya wanafunzi 600 haiwezi kuvuka dola 60,000, na huenda ikapata chini ya hapo, kwa kuwa kiasi hutegemea Bunge la jimbo limetenga nini mwaka huo na ni shule ngapi zimestahili.

Zinazostahili ni za umma, zikiwemo zile za umma zinazoendeshwa kwa mkataba. Shule iwe na A, au iwe imepanda angalau daraja moja. Iliyotoka D ikafika C inatuzwa. Iliyoshuka kutoka A hadi B haipati, hata kama majirani wote wanaisifu. Iliyopanda zaidi ya daraja moja kwa mpigo, ikashikilia hapo mwaka unaofuata, nayo imo.

Sasa matumizi, ambako ndiko kwenye manung'uniko. Sheria inaruhusu mambo matatu tu: bonasi ya mara moja kwa walimu na wafanyakazi, ununuzi wa mara moja wa vifaa vya kufundishia, au kuajiri watu wa muda wa kusaidia kuinua ufaulu. Nyongeza ya mshahara ya kudumu haimo. Bonasi hizi pia haziingii katika majadiliano ya chama cha walimu na mwajiri.

Anayeamua si mwalimu mkuu peke yake. Wafanyakazi wa shule na baraza la ushauri la shule, lile mnalosikia likiitwa SAC (School Advisory Council), huamua kwa pamoja. Zaidi ya nusu ya wajumbe wa baraza lazima wasiwe waajiriwa wa wilaya ya elimu, maana yake ni nyinyi wazazi na watu wa mtaani. Jambo la kupigiwa kura lazima wajumbe waarifiwe kwa maandishi siku 3 kabla. Akidi ni zaidi ya nusu ya wajumbe wote. Isipotimia, hakuna kura. Mjumbe anayekosa vikao viwili mfululizo bila udhuru anabadilishwa. Muhtasari wa kikao lazima uandikwe, na mtu yeyote anaweza kuuomba ausome.

Kama hadi tarehe 1 Februari wafanyakazi na baraza hawajakubaliana, mjadala umefungwa: fedha zote hugawanywa sawa kwa walimu wa madarasani wanaofundisha hapo wakati huo. Mpishi, dereva wa basi na karani hawapati kitu, na kompyuta mlizozitaka hazinunuliwi. Shule ikiwa imeshafungwa fedha zinapotoka, mkuu wa elimu wa wilaya huwalipa bonasi walimu waliofundisha hapo mwaka uliotangulia.

Kwa hiyo maneno ya "mwalimu mkuu amezila" yapungue. Mara nyingi anayesema hivyo hajawahi kukaa katika kikao hata kimoja. Kwa waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu (Tanzania) au Kakuma (Kenya) tunaelewa kwamba kamati ya shule huenda mliizoea kama mahali pa kuitwa na kuambiwa. Hapa mna kura, mradi mmo katika baraza.

Ulizeni ofisi ya shule lini wajumbe wapya wanachaguliwa. Anayehitaji mkalimani aseme mapema, si mlangoni kikao kikiwa kimeanza. Na tafadhali, malalamiko kuhusu mgawanyo yaletwe Desemba au Januari. Tarehe 2 Februari hatuna la kuwasaidia.