Kanda za bafuni: soketi ikae umbali gani na maji?

Fundi umeme akitaja kanda za bafuni, anazungumzia jinsi bafu linavyogawanywa kwa kupima umbali kutoka kwenye maji, ili ijulikane kifaa gani cha umeme kinaruhusiwa wapi. Mgawanyo huu umo katika kanuni za Uingereza za kutandaza umeme, BS 7671. Kenya na Tanzania tunatumia plagi ile ile ya pini 3 na volti 230 hadi 240, kwa hiyo vipimo vyake vinatuhusu moja kwa moja.

Kanda 0 ni ndani ya beseni la kuogea lenyewe, lile kubwa la kukaa ndani yake. Kanda 1 inapanda juu yake hadi mita 2.25 kutoka sakafuni, na kanda 2 inaongeza sentimita 60 pembeni. Soketi ya kawaida inatakiwa iwe angalau mita 2.5 kutoka ukingo wa kanda 1. Kabla ya marekebisho ya 2022 ilikuwa mita 3.

Sasa, mabafu yetu mengi hayana beseni. Shawa iko ukutani na maji yanatiririka sakafuni hadi kwenye tundu. Kwa bafu la namna hiyo, kanda 1 inaenea mita 1.2 kutoka pale maji yanapotokea. Jumlisha na zile 2.5, unapata mita 3.7. Chukua futi kamba upime la kwako: ni wachache wenye bafu la ukubwa huo. Kwa nyumba nyingi, basi, soketi ya kawaida haina nafasi bafuni. Mashine ya kufulia, pasi na chaja ya simu vitafutiwe mahali pengine, na kuvuta ekstensheni hadi ndani ni kuirudisha soketi ile ile kwa mlango wa nyuma.

Kinachoruhusiwa ni soketi ndogo ya mashine ya kunyolea, ikiwa nje ya kanda 1 na mahali maji ya shawa hayairukii. Ndani yake kuna transfoma inayoutenga umeme wake na ule wa nyumba.

Wengi huniambia, "Lakini breka ipo." Breka inalinda waya usiungue. Mwili uliolowa unaweza kuwa na ukinzani (kiasi unavyouzuia umeme kupita) wa omu 1,000 tu, na kwa volti 230 utapitisha milliampia 230. Kiasi hicho kinaweza kuua, ilhali breka ya ampia 20 haitashtuka, maana kwake si chochote. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine cha kukata umeme, kiitwacho RCD. Hiyo inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi; tofauti ikifika milliampia 30, inakata ndani ya sekunde 0.3, na tofauti ikiwa kubwa zaidi inakata upesi zaidi. Saketi zote za bafuni zipitie humo, pamoja na shawa ya umeme.

Video za Marekani huwachanganya watu hapa. Kule soketi inatakiwa iwe karibu na sinki la kunawia, ndani ya sentimita 90 hivi. Lakini umeme wao wa soketi ni volti 120, na tangu 1975 kanuni zao zinadai soketi za bafuni zilindwe na kifaa kinachokata kwenye milliampia 5 hivi. Usiige nafasi ya soketi ukaacha ulinzi wake.

Nisisitize shawa ya umeme, kwa sababu koili yake inachemsha maji yale yale yanayokumwagikia. Lazima iwe na waya wa ethi uliofungwa kweli hadi kwenye fimbo iliyochimbiwa ardhini. Nimeona waya huo ukikatwa na kukunjwa nyuma ya shawa, na umezungushiwa vizuri tepu nyeusi. Swichi yake iwekwe nje ya mlango. Kwenye RCD kuna kitufe cha T: kibonyeze angalau kila miezi 6, na isipokata, mwite fundi kabla mtu yeyote hajaoga kwa shawa hiyo.