"Hakuna aliyeomba rampu"

Ndilo jibu la ofisi nyingi za umma zikilalamikiwa kwamba mlango wao una ngazi tupu, bila rampu, yaani njia ya mteremko ya kupitisha kiti cha magurudumu. Jibu hilo linachanganya mambo mawili ambayo sheria ya haki za watu wenye ulemavu imeyatenga makusudi: ufikivu na marekebisho mahsusi.

Ufikivu ni kujenga na kuendesha huduma ili kila mtu aitumie bila kuomba hisani. Marekebisho mahsusi humlenga mtu mmoja na hali yake: muda wa ziada kwenye mtihani, karatasi ya nukta nundu, zamu ya kazi kusogezwa. Yote yamo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika Mei 2008. Ufikivu uko ibara ya 9, marekebisho ibara ya 2 na ya 5.

Mambo haya mawili yanapoachana ni kwenye wakati. Wajibu wa ufikivu huanza kabla hajatokea mtu yeyote. Serikali huweka viwango, hukataa kibali cha ramani isiyovikidhi, hukagua jengo kabla halijafunguliwa, tena huviingiza viwango hivyo kwenye masharti ya zabuni. Viwango vingi vya rampu hudai mteremko usiozidi 1:12, yaani kila sentimita moja ya kupanda inataka 12 za urefu. Ngazi tatu zenye kimo cha jumla cha sentimita 45 zinahitaji rampu ya mita 5.4, bado hujahesabu sehemu bapa za juu na chini. Fundi akiitwa jengo likiwa limeshakwisha, hukuta nafasi ya mita mbili tu na kumwaga zege hapohapo. Kwenye mteremko huo kiti cha magurudumu huinua magurudumu ya mbele na kutaka kupinduka kwa nyuma. Fomu ya ukaguzi itaandikwa "rampu ipo".

Marekebisho mahsusi, kwa upande wake, huanza mtu anapoomba au hitaji lake linapoonekana wazi. Yana kikomo: yasimtwishe mtoa huduma mzigo uliopitiliza. Anayekataa ndiye anayepaswa kuuthibitisha mzigo huo, na akishindwa, kukataa kwake ni ubaguzi kwa maneno ya mkataba wenyewe. Kutoa nusunusu nako hakusaidii. Kikao cha saa mbili kinahitaji wakalimani wawili wa lugha ya alama wapokezane kila baada ya dakika 20 hivi. Ukimweka mmoja, atachoka na maneno yataanza kudondoka.

Halafu kuna kisingizio cha bajeti, ambacho nacho hutumiwa kichwa chini miguu juu. Ibara ya 4 inaruhusu haki za kiuchumi na kijamii zitimizwe hatua kwa hatua, hivyo majengo ya zamani yanaweza kupangiwa ratiba. Katazo la ubaguzi halina ratiba.

Basi ukiambiwa hakuna aliyeomba rampu, usihangaike kutafuta mwombaji. Uliza jengo lilipata kibali mwaka gani, kwa kiwango kipi, na nani alisaini ukaguzi. Anayehitaji huduma leo na aombe kwa maandishi ahudumiwe chini, asikolazimika kupanda ngazi. Hayo ndiyo marekebisho mahsusi, na hayafuti deni la rampu.